Mashini ya pointaji imefika, lakini nani alituuliza?

Wandugu wa mine, na ninyi wamama munaosoma gazeti hii wakati mabwana wako ku poste ya usiku, nianze na vidole vya mutu mumoja.

Ni mzee wa ekipe yetu, mwenye kuchomelea vyuma tangu miaka zaidi ya makumi mbili. Kompani ilileta mashini mupya ya pointaji: unaweka kidole, taa ya kijani inawaka, siku yako inahesabiwa. Kwa mzee ilikuwa paka taa nyekundu. Moto na chuma vimekwisha kula ngozi ya vidole vyake, mashini haikuona mutu. Alikuwa anaingia asubuhi saa kumi na mbili, anatoka magaribi, na mwisho wa mwezi siku sita zilikosekana ku karatasi yake ya mushahara. Tukaenda ku biro. Kijana wa ordinatere alitujibu kwa heshima yote: "Papa, programu iko bien. Shida njo vidole vyake."

Niliandika maneno ile mu kaye yangu ya delege. Kijana sikumukasirikia, haiko yeye aliyeitengeneza. Ilitoka mbali mu sanduku, imekwisha kufikiriwa yote. Lakini tangu siku ile swali moja lilinikaa mu kichwa: mwenye kutengeneza mashini hii alitazama vidole vya nani?

Nilianza kuuliza na kusoma, nikakuta kama kuko watu mu dunia wanaofanya swali ile kuwa kazi yao kabisa. Mu miji mingi, jioni kisha kazi, wenye kutengeneza programu wanakutana mu chumba, kila mumoja analeta kazi yake mbele ya wenzake, na wanaulizana: mutu wa kawaida ataweza kuitumia bila kuteseka? Tangu 2005 kuko hata siku ya dunia nzima juu ya kazi ile, kila mwaka mu mwezi wa kumi na moja.

Namna wanavyofanya haiko ngumu. Wanaita mutu ambaye hajaona programu ile hata siku moja, wanamupa kazi ya kweli: lipa umeme, andika masaa yako, tafuta jina la mutoto ku liste ya masomo. Wanamuomba aseme kwa sauti kila kitu anachowaza. Mwenye programu anakaa nyuma yake, na sheria yake ni moja: anyamaze. Asisaidie, asieleze, asinyooshe kidole. Mutu akisema "sasa nifinye wapi?", yeye anaandika. Akifinya pahali pabaya, anaandika. Hakuna kumucheka mutu, juu kosa inahesabiwa kwa programu. Jakob Nielsen, mutu wa Denmark anayejulikana sana mu kazi hii, aliandika mu 2000 kama watu 5 tu wanatosha kuonyesha sehemu kubwa ya makosa. Kisha unatengeneza, unaita wengine 5. Watu 5! Mu ekipe moja ya kwetu ungewapata mbele ya chai kupoa.

Sisi wa mine tunajua vizuri neno "kosa ya mutu". Aksida ikitokea, rapoti inakuja, na mara mingi mwisho wake ni ule ule: mutumikaji hakufuata amri. Basi sikilizeni hii. Mu vita ya pili ya dunia, ndege kubwa za Marekani za B-17 zilikuwa zinafika chini salama, kisha mupiloti anakunja magurudumu na ndege inaanguka tumbo chini. Wakubwa walisema: kosa ya mupiloti. Mutu mumoja wa elimu ya akili, Alphonse Chapanis, aliingia mu ndege, akakuta kishikio cha magurudumu na kishikio cha mabawa viko karibu karibu na vinafanana. Mutu amechoka, usiku, anashika kimoja akifikiri ni kingine. Chapanis hakuomba mupiloti apewe azabu. Alibandika kigurudumu kidogo cha mupira ku kishikio cha magurudumu, na ku kile kingine kipande cha umbo la bawa. Mukono ukajua wenyewe. Mpaka leo kishikio cha magurudumu mu ndege kinakuwa na umbo la gurudumu.

Ama Three Mile Island, ile santrali ya nyuklia ya Marekani, tarehe 28 mwezi wa tatu 1979. Valve moja ilibaki wazi na maji ya kupoza yalikuwa yanatoka. Ku ubao wa kazi taa ilizimika, na watu wa poste walielewa: valve imefungwa. Lakini taa ile haikuonyesha valve, ilionyesha tu kama amri ya kufunga imekwenda. Zaidi ya masaa mawili walitafuta shida pahali pengine, alama za hatari zaidi ya mia zinapiga kelele pamoja. Mwenye kufanya kazi na pampu ao konveya mu mine ananielewa. Amri kutumwa na kazi kufanyika ni vitu viwili.

Sasa nafika pahali paliponifurahisha kupita pote, na sijui juu ya nini hatukufundishwa mu masomo yetu ya sendika. Hii kazi ya kuuliza mutumiaji, sehemu yake moja kubwa ilizaliwa mu sendika. Mu Norway, mwanzo wa miaka ya 1970, sendika ya wafanyakazi wa chuma iliona ordinatere zinaingia mu viwanda, na patron peke yake njo anajua zitafanya nini. Ikaita Kristen Nygaard, mumoja wa wale wawili waliotengeneza lugha ya programu ya Simula. Hakuwa mutu mudogo: mu 2001 alipewa zawadi ya Turing, ile kubwa kabisa mu kazi ya ordinatere. Mwanzo yeye na wenzake walifikiri kazi yao ni kuandika marapoti. Kisha wakaona rapoti inakaa mu armware. Wakageuza: wakahesabu kama matunda ya kazi ni kile sendika yenyewe inafanya ku kiwanda kwa sababu ya masomo ile. Wafanyakazi wakajifunza, wakauliza maswali, wakadai. Mu 1975 sendika kubwa ya inchi na chama cha mapatron wakatia sahihi mapatano juu ya ordinatere ku kazi, na mu viwanda wakaanza kuchagua delege wa ordinatere. Delege wa ordinatere, wandugu! Sisi tuko na delege wa usalama, tuko na wa mambo ya mushahara, lakini wa ordinatere mimi sijaona kwetu.

Kutoka 1981 mpaka 1985 wakafuata watu wa kupiga chapa, ndiyo, wenye kutengeneza magazeti kama hii. Sendika zao za inchi za kaskazini zilifanya kazi pamoja na watafiti wa Sweden na Denmark, mu mupango ulioitwa UTOPIA. Watafiti walileta michoro yao ya mishale na masanduku, wafanyakazi hawakuona kitu ndani. Basi wakachukua katoni na mbao, wakatengeneza ordinatere ya uongo: ekrani ya karatasi, sanduku la katoni lenye kuandikwa tu kama ni mashini ya kupiga chapa. Mufanyakazi akakaa mbele, akaanza kufanya kazi yake kwa mikono: hapa picha, hapa kichwa cha habari, hapana, hii iko mbali sana na mukono. Katoni haina bei. Unaipasua, unaanza tena. Ukikwisha kununua mashini ya kweli, nani atakubali kuipasua?

Toka 1990 wenye kufuata njia ile wanakutana kila miaka miwili, na mu 2014 mukutano ulifika Afrika, ku Windhoek, Namibia, inchi ya mine kama yetu. Mu 2016 Nairobi ikapokea mukutano wa kwanza wa Afrika wenyewe juu ya watu na ordinatere.

Ku mulango wa kompani zetu munaona vibao: ISO hii, ISO ile. Muulize kama wanajua ISO 9241-210. Iliandikwa mu 2010, na inasema wazi kama watumiaji waingizwe mu kazi ya kutengeneza, tangu mwanzo mpaka mwisho. Haiko sheria ya inchi, lakini mwenye kujisifu na kibao kimoja anaweza kuulizwa juu ya kingine. Na Code du travail yetu ya 2002 inatupa delegasio ya kuchaguliwa. Tuko na kiti ya kusemea.

Tulisema. Tuliomba saa moja tu. Watu 5: mzee, dereva mumoja wa kamyo, mama wa kantini, kijana wa kuchukua samples, na mumoja wa kuosha vyombo vya laboratware ambaye vidole vyake vimeguswa na asidi. Kila mumoja alipointa mbele ya kijana wa ordinatere, na kijana alinyamaza kama tulivyopatana, kaye ku magoti. Watatu walikataliwa na taa nyekundu. Dereva alipita, lakini mara ya ine. Mama wa kantini alipita mara moja, akauliza swali ambalo hakuna aliyelifikiri: "Na siku nikija na kidole chenye bandeji?"

Leo kuko karata ya kuweka ku mashini kwa mwenye kukataliwa, na kaye ya kutia sahihi kando yake. Siku sita za mzee zililipwa. Za watu wengine tungali tunazidai. Kama mashini imekukataa, usirudi nyumbani kimya: andika siku, saa na jina la mutu aliyekuona, na ulete karatasi yako ya mushahara kwa delege wako mbele ya mwisho wa mwezi.