Mabaka Hayafichi Kifaru, na Kazi Yake Si Hiyo

Tangu vifaru vya Leopard 2 vianze kupelekwa Ukraine mwaka 2023, picha zake zimezagaa kwenye simu zetu: dubwana la tani zaidi ya 50, limepakwa mabaka, na droni iko juu yake inalipiga picha bila taabu. Anayeziona hujiuliza rangi ile ni ya nini, ikiwa kitu chenyewe kinaonekana wazi namna hiyo. Swali ni la haki, ila linachukulia kwamba mabaka yapo ili kifaru kisionekane. Sivyo. Mabaka yapo ili kulichelewesha jicho la adui: aone kitu pale kwenye kichaka asijue mara moja ni nini, kimeelekea wapi, na mtutu wake uko upande gani. Anayelenga akisita sekunde chache, kifaru kinapata nafasi ya kurudi nyuma ya kilima, au ya kufyatua kwanza. Sekunde hizo ndizo kipimo cha haki cha rangi ya kijeshi. Ukiidai zaidi ya hapo, utaiona upuuzi mtupu.

Waingereza walijaribu kuidai zaidi. Vifaru vya kwanza kabisa kuingia vitani, huko Somme nchini Ufaransa Septemba 1916, vilikuwa vimepakwa rangi nyingi kwa mtindo wa msanii Solomon J. Solomon, kana kwamba ni picha ya mandhari. Matope yakaifunika kazi yote, na jeshi likarudi kwenye kahawia tupu. Waliolielewa jambo hili vizuri zaidi walikuwa wataalamu wa wanyama. Hugh Cott, Mwingereza ambaye baadaye alikuja kufanya utafiti mkubwa wa mamba nchini Uganda, alichapisha mwaka 1940 kitabu kuhusu rangi za wanyama. Humo alionyesha kwamba kinachomsaliti mnyama mara nyingi ni umbo lake: mstari wa mgongo, ukingo wa mguu, duara la jicho. Baka la rangi nzito likiukata ukingo huo, macho hushindwa kuviunga vipande kuwa kitu kimoja. Na kifaru kina kingo nyingi za kusaliti kuliko mnyama yeyote: mtutu ulionyooka, magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja, kivuli cheusi chini ya tumbo.

Mabaka ya leo ya kijani, kahawia na nyeusi yametokana na hoja hiyo hiyo. Katika miaka ya 1970 jeshi la Marekani lilikuwa na mpango wa rangi 12, kila gari likipakwa nne. Majira yakibadilika, rangi moja au mbili zilibadilishwa. Kwenye karatasi ulipendeza, lakini uliwatesa wenye brashi. Ujerumani Magharibi ikaja na mpango wa rangi tatu tu, na Wamarekani wakauchukua katika miaka ya 1980. Ukitazama kwa karibu kifaru kilichopakwa hivyo, utaona baka haliishii kwenye pembe ya chuma. Linaanzia ubavuni, linapanda, linakunja kona na kumalizikia juu, ili kona yenyewe ipotee. Kila aina ya gari ina mchoro wake. Askari hajichorei apendavyo. Rangi haing'ai hata kidogo, na ile ya Wamarekani imetengenezwa isinyonye sumu za kemikali, ili gari lioshwe na kuendelea na kazi. Ajabu ni kwamba rangi hiyo inayomlinda askari ni hatari kwa fundi anayeipulizia, ambaye lazima avae kifaa cha kumlinda asivute mvuke wake.

Kuna jambo jingine ambalo macho yetu hayalioni. Majani mabichi huakisi kwa wingi mionzi ya infraredi iliyo jirani na mwanga wa kawaida, na miwani ya usiku inayokuza mwanga wa nyota huiona mionzi hiyo. Kifaru kikipakwa kijani cha dukani, mchana kitafanana na msitu, lakini usiku, kwenye miwani, kitakuwa doa jeusi mbele ya majani yanayong'aa. Kwa hiyo kijani cha jeshi huchanganywa ili kiakisi mionzi hiyo karibu sawa na jani.

Hapa ndipo wapinzani wa rangi hizi wanapoleta hoja yao nzito: kamera za joto. Hizo hazihitaji mwanga wowote; zinaona injini inavyochemka, na hakuna baka litakaloficha moshi wa moto unaotoka nyuma ya kifaru cha Marekani cha Abrams. Ni kweli, na majeshi yanakubali. Ndiyo maana kampuni ya Saab ya Sweden inauza mavazi mazito ya kufunika gari zima ili kupunguza joto linaloonekana, na mwaka 2011 kampuni ya BAE Systems ilionyesha vigae vinavyobadilisha joto la ubavu wa gari. Lakini kamera ya joto haikuliondoa jicho vitani. Droni nyingi za bei nafuu hubeba kamera ya kawaida, na kifaru kilichozima injini kwa saa kadhaa chini ya miti hupoa. Huko, mabaka na matawi bado vina kazi.

Hoja ya pili naikubali zaidi: sehemu ya rangi hizi ni mapambo. Vipikseli, yaani vimraba vidogo vya rangi, vilivyoenea kwenye magwaride vilianza na wazo zuri la Timothy O'Neill, afisa wa Marekani aliyefanya majaribio yake mwishoni mwa miaka ya 1970: madoa madogo kwa anayetazama kwa karibu, yakijikusanya kuwa mabaka makubwa kwa aliye mbali. Wengi wameiga madoa madogo wakasahau mabaka makubwa, na kwa umbali wa kilomita moja kifaru chao kinakuwa rangi moja.

Rangi nzuri huanzia kwenye mahali. Vifaru vya Chieftain vya Waingereza huko Berlin Magharibi vilipakwa miraba ya kijivu, kahawia na nyeupe katika miaka ya 1980, kwa sababu mstari ulionyooka unaosaliti porini unafanana na dirisha mjini. Katika Vita vya Ghuba vya 1991, mabaka yaliachwa, vifaru vya Marekani na washirika wake vikapakwa rangi ya mchanga, kisha vikachorwa alama kubwa ya V iliyopinduliwa ili ndege za upande wao zisivipige.

Na mwaka 2017, brigedi ya Marekani kutoka Fort Carson, Colorado, ilipofika Ulaya na magari yenye rangi ya jangwani, yalipakwa kijani. Jeshi lenye kamera za joto za hali ya juu liliona bado inafaa kugharamia ndoo za rangi.