Je, Wajua? Presha ya Mtihani na Maajabu ya Kutulia

Sogea hapa, mwanafunzi, daftari litakungoja. Je, wajua kwamba mtihani unaweza kuchelewesha hata kidonda kupona? Mwaka 1998 watafiti wa Ohio, Marekani, walieleza habari za wanafunzi 11 wa udaktari wa meno waliokubali kutiwa kijidonda cha milimita 3.5 kwenye kaakaa, mara moja wakiwa likizo, mara ya pili siku 3 kabla ya mtihani. Likizoni kidonda kilifunga kwa siku kama 8. Wakati wa mtihani? Siku 11! Na kati ya wote 11, hakuna hata mmoja aliyepona wakati wa mtihani kwa kasi aliyopona nayo likizoni.

Unasema, basi nitakaa kimya nitulie? Ngoja kwanza, kukaa kimya si kazi ndogo! Mwaka 2014, Chuo Kikuu cha Virginia, wanafunzi waliachwa peke yao chumbani dakika 15. Hakuna simu, hakuna kitabu, kipo kitufe tu cha kujipiga shoti ya umeme. Shoti hiyo walishaionja, wakasema wako radhi kulipa pesa isiwaguse tena. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga, na wanawake 6 kati ya 24. Mmoja alibonyeza mara 190. Soma tena: mara 190!

Na akili yako iko wapi sasa hivi? Mwaka 2010 watafiti wawili wa Harvard walitangaza matokeo ya watu 2,250 waliokuwa wakiulizwa ghafla, kupitia simu zao, wanafanya nini na wanawaza nini. Asilimia 47 ya muda, mwili ulikuwa hapa na mawazo kwingine. Haya, pigia hesabu prepo yako ya jana usiku.

Taamuli ni zoezi la kuirudisha hiyo akili. Unakaa, unafuata pumzi zako, mawazo yakitoroka unarudi kwenye pumzi bila kugombana nayo. Basi. Sasa sikia kazi yake.

Huko California, mwaka 2013, wanafunzi 48 wa chuo waligawanywa makundi mawili kwa wiki 2 tu. Kundi moja likafundishwa taamuli, jingine masomo ya lishe. Waliofundishwa taamuli walipanda kwenye mtihani wa kusoma na kuelewa, sawa na kutoka alama 460 hadi 520. Wale wa lishe? Palepale walipokuwa.

Twende Cambridge, Uingereza. Wanafunzi 616 waligawanywa kwa kura, nusu wakapewa mafunzo ya taamuli ya wiki 8 pamoja na huduma za kawaida za chuo. Msimu wa mitihani ulipofika, asilimia 57 ya wasiofundishwa walikuwa wamelemewa kiasi cha kustahili msaada. Waliofundishwa ni asilimia 37. Kwangu mimi hii ndiyo namba tamu kuliko zote, maana ilipimwa mitihani ikiwa mlangoni.

Ila usidhani inafanya kazi kwa kuhudhuria kipindi tu. Uingereza hiyohiyo ilijaribu kwa watoto wa shule zaidi ya 8,000, na mwaka 2022 majibu yakatoka: hakuna tofauti! Wengi hawakuwa wakifanya mazoezi nyumbani.

Je, wajua bibi mwenye rozari anafanya nini mwilini mwake? Mwaka 2001 watafiti walipima watu 23 wakisali Salamu Maria kwa Kilatini, kisha wakitamka maneno ya yoga. Kote kuwili pumzi zilishuka hadi kama 6 kwa dakika, wakati mtu aliyetulia kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20, na mapigo ya moyo yakaingia kwenye mwendo mmoja na pumzi hizo.

Weka vidole kwenye mshipa wa kifundo cha mkono. Vuta pumzi: moyo unaongeza kasi. Ishushe polepole: unapunguza! Kwa vijana tofauti hiyo ni kubwa zaidi, kwa hiyo unaweza kuisikia ukiwa bado kwenye benchi, karatasi ya maswali haijagawiwa.

Na huko Delhi, India, Julai 2018 shule za serikali zilianzisha kipindi cha Furaha, dakika 45, kilichoanza kwa kutuliza akili. Kiliwekwa kwenye ratiba, kama hesabu!

Hii nayo usiikose. Harvard ndipo Walter Cannon alipoeleza jinsi mwili wenye hofu unavyojiandaa kupigana au kukimbia. Miongo kadhaa baadaye, katika vyumba vilevile, daktari wa moyo Herbert Benson aliwapima watu wanaofanya taamuli, akiwaingiza usiku ili wenzake wasimcheke. Ndani ya dakika chache matumizi yao ya oksijeni yalishuka kwa takriban asilimia 17, nao wako macho kabisa!

Mwisho, tia alama kwenye kalenda. Desemba 2024 Umoja wa Mataifa uliitangaza Desemba 21 kuwa Siku ya Taamuli Duniani. Siku ya Yoga ni Juni 21, miezi sita kamili kati yao!