Kioo cha mhariri wa picha: fedha iende wapi

Msimu wa harusi ukikolea Dar es Salaam, lalamiko moja hurudi kila mara kwenye studio: picha zimetoka kiza. Mpiga picha humlaumu aliyesafisha, aliyesafisha hufungua faili na kuonyesha alivyoletewa, na albamu iliyokwisha kuchapwa haina mnunuzi mwingine. Mara nyingi mashine ya kuchapa haina kosa. Kosa limo kwenye kioo cha kompyuta ya mhariri.

Kioo kipya kwa kawaida huja kikiwa kimewekewa mwanga mkali, kandela 250 au hata zaidi ya 300 kwa mita ya mraba, ili kivutie kikiwa dukani. Kazi ya picha za karatasi hutaka kandela 80 hadi 120 tu. Anayehariri kwenye mwanga mkali huona uso wa bibi harusi unang'aa vya kutosha, kumbe faili lenyewe lina kiza, na karatasi haina taa nyuma yake ya kuficha kiza hicho. Rangi nayo huponza. Kioo kinachovuta kwenye bluu humfanya mhariri aongeze wekundu na unjano mpaka ngozi imridhishe, na ngozi zetu za kahawia hufika kwenye albamu zikiwa na rangi ya matofali, huku shela nyeupe ikigeuka krimu. Kupunguza mwanga hakugharimu senti. Nashauri kila studio ianzie hapo kabla ya kutoa fedha yoyote.

Anayelazimika kununua, aulize kwanza aina ya paneli. IPS, iliyoanzia kwa Hitachi ya Japani miaka ya 1990, hutunza rangi hata ukikitazama kioo kwa pembeni. TN, iliyozoeleka kwenye vioo vya bei ya chini, haitunzi. Ukiwa Kariakoo, mwombe muuzaji afungue picha ya uso wa mtu, kisha chutama mpaka macho yako yawe chini ya kioo. Uso ukisawijika au ukageuka kama negativu, hiyo ni TN. Mrudishie muuzaji kioo chake, hata akupunguzie bei.

La pili ni wigo wa rangi. Kipimo cha sRGB, kilichotolewa na HP na Microsoft mwaka 1996, ndicho kinachotumika kwenye intaneti na simu, na ndicho ambacho maabara nyingi za picha hupokea. Adobe RGB ya mwaka 1998 ni pana zaidi, hasa kwenye kijani na samawati, na vioo vinavyoifikia ni ghali. Kwa studio ya harusi na pasipoti naona fedha hiyo inapotea bure. Anayechapa picha za maonyesho kwa printa yake ya wino ana hoja tofauti.

Viwanda vya paneli ni vichache, LG Display ya Korea Kusini na BOE ya China vikiwemo, na kampuni nyingi zinazouza monita hununua paneli huko. Kwa hiyo jina lililo kwenye fremu halitoshi. Namba ya modeli ndiyo ya kutafuta. EIZO ya Japani huuza ColorEdge zenye kipima rangi ndani yake, kwa bei inayoweza kupita dola 2,000. Huko nje ASUS ProArt PA248QV ya inchi 24 imekuwa ikiuzwa karibu dola 200, nayo hutimiza sRGB yote. Hata Dell U2415 iliyotumika ofisini, yenye asilimia 99 ya sRGB, inafaa kabisa, mradi ukifungua ukurasa mweupe mtupu pembe zisiwe na unjano wala kivuli. Vioo vilivyopinda vya wacheza gemu sivipendekezi kwa kazi hii.

Ambacho studio zetu huruka ni kipima rangi, kifaa kidogo kinachowekwa juu ya kioo na kurekebisha rangi kwa kutumia programu yake. Datacolor na Calibrite ndio majina makubwa. Kioo hubadilika kadiri kinavyozeeka, hivyo kipimo hurudiwa kila mwezi au miwili, na kifaa kimoja hupima vioo vingi. Studio tatu au nne za mtaa mmoja zinaweza kuchangia kukinunua, na maabara ya picha inaweza kukikodisha kwa wateja wake na kupunguza kazi za kurudiwa.