Bendi ya Shule: Kwanza Tuulize ni ya Kazi Gani



Kila bendi inapopita katika gwaride la Madaraka, tarehe 1 Juni, au la Jamhuri, tarehe 12 Desemba, wazazi husema, "Hata sisi tunataka yetu." Ni jambo jema. Watoto wanaotembea kwa mdundo mmoja hujifunza kusikilizana, kufika mapema na kutunza mali ya wote. Lakini pesa za vyombo zinatoka kwa mama aliyeuza kuku na mzee aliyeuza mahindi. Zikipotea bure, harambee ijayo ya darasa au ya choo nani atakuja?

Shule moja tunayoijua ilinunua tarumbeta kabla ya kumpata wa kuzifundisha. Mwalimu mmoja alijitolea, kisha akahamishwa. Sasa tarumbeta ziko stoo, vali zimekwama, na watoto hawajapiga hata gwaride moja. Kosa si la watoto. Ni kwamba kamati haikujiuliza bendi ni ya kazi gani.

LENGO KWANZA

Kaeni pamoja wazazi, walimu na wanafunzi wenyewe, mchague lengo la mwaka wa kwanza. Yako mengi:

1. Kuongoza wanafunzi wakati wa bendera na kuingia darasani. Hapa ngoma chache zinatosha.

2. Kupiga sikukuu za taifa na siku ya wazazi. Hapa mnahitaji nyimbo tatu au nne, zipigwe vizuri.

3. Kwenda mashindano. Hapa lazima awepo mwalimu wa kudumu, mavazi, nauli na muda mwingi wa mazoezi. Tena mashindano huchagua wachache wenye kipaji, na wengine hubaki kutazama.

4. Kupiga arusini ili kupata pesa. Basi kila shilingi iandikwe, na mtoto asitolewe darasani.

Anzeni na la kwanza au la pili. Mashindano yatakuja baadaye.

AINA YA BENDI

Ngoma na filimbi. Ngoma kubwa moja, ndogo chache, matoazi, na filimbi za plastiki kama zile za somo la muziki. Ndiyo njia rahisi ya kuanza, na watoto wengi hupata nafasi.

Tarumbeta. Jeshi la Wokovu, lililoanza kazi Kenya mwaka wa 1921, linajulikana sana kwa bendi za namna hii. Katika mtindo wao, karibu vyombo vyote husomwa na kubonyezwa kwa njia moja, kwa hiyo mtoto aliyejua kimoja anaweza kuhamia kingine bila kuanza upya. Lakini vali zinataka mafuta, na fundi huwa mbali. Chagueni aina hii ikiwa kuna bendi ya kanisa karibu itakayowafundisha.

Ngoma za kwetu. Isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega hupigwa kwa ngoma tatu: kubwa, ya kati na ndogo. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Kila jamii ina zake. Ngozi ikipasuka, fundi yuko hapa hapa. Na mzee anayezijua hahamishwi!

NGUVU ZA MTOTO

Askari hutembea hatua kama 120 kwa dakika. Mtoto mdogo aliyebeba ngoma kubwa hawezi hivyo, kwa hiyo punguzeni mwendo. Ngoma kubwa ilie mguu wa kushoto unapokanyaga, na hata mgeni wa muziki atafuata. Wasichana nao wapewe ngoma na tarumbeta, si kubeba bendera tu.

Injili ya Luka, sura ya 14, ina mfano wa mtu aliyeanza mnara bila kupiga hesabu. Bendi nayo ni mnara. Afadhali ngoma tano zinazolia kila Jumatatu kuliko tarumbeta ishirini zilizo kimya.

YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

- Mwalimu akihamishwa kesho, nani ataendelea?
- Ufunguo wa stoo uko kwa nani, na orodha ya vyombo iko wapi?
- Ni mtoto gani atakosa bendi kwa sababu nyumbani hakuna pesa za mavazi? Tutamsaidiaje?