Jumatatu ya Baba Mchungaji

Jumapili mchana, mnada wa matoleo ukishamalizika na mkungu wa mwisho wa ndizi ukapata mnunuzi, washarika hurudi makwao. Mchungaji wa usharika wa Kilutheri bado yupo. Kuna familia inayotaka kuombewa, kuna mzee wa kanisa mwenye neno la pembeni, na kuna mgonjwa wa mtaa wa mbali anayesubiri kupelekewa Chakula cha Bwana. Kwa kuwa Jumapili ndiyo siku yao nzito kuliko zote, wachungaji wengi huichukua Jumatatu kuwa siku ya kupumzika.

Kuipata Jumatatu hiyo ni kazi nyingine. Nimepigiwa simu saa kumi na mbili asubuhi mara nyingi: "Bwana Yesu asifiwe, Baba Mchungaji. Najua leo unapumzika, ila..." Baada ya hiyo "ila" siku imekwisha. Msiba hauchagui siku, na kwa msiba nitaamka hata usiku wa manane. Lakini risiti ya saruji ya ujenzi, au ratiba ya kwaya, ingeweza kungoja Jumanne.

Washarika huona mahubiri, ubatizo na ndoa. Wasichokiona ni siri anazobebeshwa mchungaji. Jumamosi asubuhi anaketi na mama aliyepigwa na mumewe, ambaye hataki mtu mwingine ajue. Saa sita anafundisha kipaimara. Saa nane anafungisha ndoa, na hapo anapaswa kufurahi kwa moyo wote, kwani maharusi hawana kosa. Yale ya asubuhi hana pa kuyatua. Uchovu wa namna hii hauondoki kwa usingizi peke yake. Akilala, anaamka nao. Akili inahitaji kushikwa na jambo jingine kabisa, na kwa maoni yangu liwe jambo la mikono au miguu, kwa sababu maneno ameshayasema wiki nzima.

Mchungaji Richard Reusch, mmisionari wa Kilutheri aliyetumika kaskazini mwa Tanganyika, alipenda kupanda mlima. Aliupanda Kilimanjaro mara nyingi mno, na mwaka 1926 alimkuta chui aliyeganda kwenye barafu huko juu. Chui huyo ndiye anayetajwa mwanzoni mwa hadithi ya mwandishi Ernest Hemingway ya mwaka 1936. Kreta iliyoko kwenye kilele cha Kibo cha mlima huo inaitwa Reusch hadi leo. John Stott, kasisi wa Kianglikana wa kanisa la All Souls jijini London, alisafiri dunia nzima kuhubiri huku darubini ya kutazamia ndege ikiwa mzigoni. Mwaka 1999 alitoa kitabu kuhusu ndege hao. Yesu aliposema tuwaangalie ndege wa angani, Stott aliichukua kuwa amri ya kutiiwa kwa macho.

Kwetu wengi hatuna darubini, na muda wa ziada huenda kwenye kuku wa mayai au ng'ombe wa maziwa ili ada za watoto zipatikane. Siwalaumu wachungaji wenzangu, nami nimefuga. Ila kuku wakiugua mnakosa usingizi wote. Huo ni mradi, nao haumpumzishi mtu. Kinachopumzisha ni kile ambacho kisipofanikiwa hakuna anayeumia: kupiga gitaa barazani, kucheza bao na jirani Mwislamu ambaye hana shauri la kanisa la kuleta, kutembea na mke hadi mtoni na kurudi. Mke na watoto nao wana haki yao hapa, maana nyumba ya mchungaji imejengwa uani mwa kanisa na mlango wake hugongwa tangu alfajiri.

Mitume waliporudi kutoka kazini, wakiwa hawana hata nafasi ya kula, Yesu mwenyewe aliwaita waende faraghani wapumzike, kama Marko anavyoeleza katika sura ya 6. Hakungoja kazi iishe.

Wazee wa kanisa mnaonisoma, likalieni jambo hili katika baraza. Simu za Jumatatu zipokewe na mwinjilisti, naye amwite mchungaji kwa msiba au kwa mgonjwa aliyezidiwa tu. Nawe msharika, Jumatatu ijayo ukishika simu, jiulize kwanza kama neno lako haliwezi kulala hadi kesho.