Tumbawe: Jiwe au Mnyama?

Bamvua linapofika, maji hupwa mbali katika Ghuba ya Mnazi, kusini-mashariki ya mji wa Mtwara, na mwamba hubaki wazi kwa saa chache. Wanawake na vijana hushuka na vijiti vyao kutafuta pweza. Mwanafunzi akitakiwa kuwataja wanyama wa mahali hapo, bila shaka atataja pweza, kaa, jongoo bahari na kiti cha pweza. Ni nadra alitaje tumbawe analolikanyaga. Hata lugha yenyewe hulihesabu tumbawe pamoja na mawe, kwani husemwa kaa amevunjika, lakini tumbawe limevunjika.

Wataalamu nao waliwahi kukosea. Kwa karne nyingi huko Ulaya marijani ilidhaniwa kuwa mmea au madini. Katika miaka ya 1720, tabibu Mfaransa Jean-André Peyssonnel aliitia marijani katika chombo chenye maji ya bahari, akaona kwamba yale yaliyoitwa maua yake yalijikunja yalipoguswa. Akatangaza kuwa ni wanyama. Mtaalamu Réaumur alipoieleza habari hiyo mbele ya wenzake mjini Paris, hakulitaja jina la Peyssonnel, akihofu kwamba wazo hilo lingemwaibisha mwenyewe. Wengi walikuja kusadiki baada ya miaka ya 1740, Abraham Trembley alipomchunguza haidra, kiumbe mdogo wa maji baridi mwenye umbo la namna hiyo hiyo.

Basi mnyama hutambuliwa kwa nini? Si kwa miguu, wala si kwa mwendo. Kwanza, mwili wake ni wa seli nyingi, na seli hizo hazina kuta ngumu kama zile za mimea. Pili, hawezi kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Humlazimu kula viumbe wengine au mabaki yao. Tatu, ukiondoa makundi machache kama sifongo, ana misuli na neva. Nne, yai lake likisharutubishwa hugawanyika hata likawa donge la seli, kisha seli hizo hujipanga katika tabaka, na kutokana na tabaka hizo mwili wote hujengeka.

Na tulipime tumbawe kwa kipimo hicho. Kila kitundu kidogo kilicho juu yake ni makao ya mnyama mmoja aitwaye polipi. Mwili wake ni kama mfuko wenye mdomo mmoja, uliozungukwa na mikono laini. Mdomo huo huo hupokea chakula na kutoa taka. Ukuta wa mfuko una tabaka mbili za seli, na baina yake kuna utomvu mzito. Polipi hana ubongo, bali neva zake zimetanda mwilini mfano wa wavu. Usiku huikunjua mikono yake, yenye vishale vidogo vya sumu, akanasa vidudu vinavyoelea majini. Mayai yake hutoa buu anayeogelea kabla ya kujibandika mwambani na kutulia hapo maisha yake yote. Kwa hiyo tumbawe ni mnyama kamili, ndugu wa konyeza. Jongoo bahari amepiga hatua zaidi: ana tabaka tatu, na utumbo wake una matundu mawili, la kuingilia chakula na la kutolea taka.

Jiwe linatoka wapi, basi? Polipi hujijengea kikombe cha kalsiamu kaboneti chini ya mwili wake. Vikombe vya vizazi vingi vikirundikana, mwamba huinuka. Katika kazi hiyo husaidiwa na mwani mdogo sana uishio ndani ya seli zake na kumpa sehemu kubwa ya chakula. Mwani huo huhitaji mwanga. Ndiyo sababu mlangoni mwa Mto Ruvuma, penye tope na maji baridi, hustawi mikoko badala ya matumbawe. Joto la bahari likizidi, polipi humpoteza mshirika huyo, akageuka mweupe, na huenda akafa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998 katika sehemu nyingi za pwani ya Afrika Mashariki.

Elimu hii ina uzito wake Mtwara. Katika Ghuba ya Mikindani, matumbawe hai yalivunjwa na kuchomwa ili kupata chokaa, na kwingineko wavuvi wa baruti waliyasaga kwa mlipuko mmoja. Mwenye kuona jiwe tu huhesabu matanuri. Mwenye kumwona mnyama huuliza anakua kwa kasi gani. Matumbawe ya mviringo huongezeka kiasi cha sentimita 1 tu kwa mwaka. Bonge la kimo cha mita 1 ni kazi ya karibu miaka 100. Mawe ya matumbawe ya kale yachimbwayo nchi kavu ni jambo jingine, maana wenyewe walikufa zamani sana. Mwaka 2000 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye eneo la kilometa za mraba 650. Hata hivyo, hifadhi hulindwa vema zaidi na watu wanaojua kinacholindwa.

Mwalimu aweza kuanza somo hili kwa kipande cha tumbawe lililokufa na kutupwa ufukoni. Hapana haja ya kuvunja lililo hai. Likidondoshewa siki, litatoa mapovu, nayo ni dalili ya kalsiamu kaboneti. Kisha wanafunzi wakitazame kipande kwa kioo cha kukuzia, wahesabu vikombe vilivyomo katika sentimita 1 ya mraba. Kila kikombe kiliwahi kuwa na mdomo uliokula.