Boksi la ea klina si ndoo: kuchomelea plastiki za injini Sumbawanga

Kiangazi kikishika Ufipa, vumbi la barabara za vijijini hupanda hadi kwenye vioo vya magari, na injini hulivuta pamoja na hewa. Kinachosimama kati ya vumbi hilo na silinda ni filta ya karatasi na boksi la plastiki linaloishikilia. Bahati mbaya, boksi hilo na bomba lake huvunjika mapema. Joto la injini hulikausha mwaka baada ya mwaka, mtikisiko hukata masikio ya kufungia, na fundi mwenye haraka hukaza kibano mpaka shingo ya bomba ikapasuka.

Magari mengi yanayotoka Sumbawanga kwenda Muze, Matai na Namanyere yalikwisha kutumika Japani kabla ya kufika huku. Plastiki yake imezeeka. Kifaa kipya ni cha kuagiza mbali, na cha mtumba huenda kikaja na ufa wake. Ndiyo maana watu huchomelea nyumbani, na mimi nawaunga mkono, mradi wajue wanachokichomelea.

Ujuzi wenyewe si mgeni. Mafundi wa mitaani wanaziba ndoo na mabeseni kwa kisu kilichopashwa moto kwenye jiko la mkaa na kipande cha plastiki cha kujazia. Lakini ndoo ikivuja matone mawili, mwenye nayo atavumilia. Mchanga laini ukipita kwenye ufa baada ya filta, unakwangua kuta za silinda na kula ringi, na dalili utaiona umechelewa: moshi wa bluu na oili inayopungua kila wiki.

Kosa kubwa liko kwenye kipande cha kujazia. Maboksi mengi ya ea klina ni polipropilini. Ukiligeuza boksi utakuta herufi PP zimechorwa, pengine zikifuatiwa na T20, yaani asilimia 20 yake ni unga wa talki. Fundi huchukua dumu la mafuta ya kula, analikata, anajazia. Dumu hilo kwa kawaida ni HDPE, lenye namba 2 kitakoni. HDPE huyeyuka kwenye nyuzi joto 130 hivi, polipropilini kwenye 160. Zikiyeyushwa pamoja huonekana zimeshikana vizuri, hata kung'aa, kisha mtikisiko wa barabara ukizidi, kiraka kinabanduka kizima. Tafuta PP yenyewe: kipande cha bampa lililovunjika chenye herufi hizo, au ndoo yenye namba 5.

Namna ya kufanya si siri. Kifaa kitolewe garini, na sensa ya hewa ing'olewe kwanza, maana waya wake ni mwembamba na haupendi moshi wala mabaki. Osha mafuta yote kwa sabuni. Toboa tundu dogo pale ufa unapoishia ili usiendelee kukimbia, chimba mfereji wenye umbo la V juu ya ufa, kisha yeyusha pande zote mbili pamoja na kijazio mpaka viwe kitu kimoja. Plastiki ikianza kutoa moshi mweusi umezidisha moto; hapo unaiunguza, huichomelei. Iache ipoe yenyewe, usiimwagie maji. Fanyia kazi nje, na usiguse PVC kabisa, kwa sababu moshi wake una asidi inayochoma mapafu.

Wapo wasiotengeneza ila wanabadili. Wanakata boksi, wanaongeza mdomo wa pili au kuchomelea bomba pana zaidi, wakiamini gari limekosa nguvu kwa sababu limebanwa pumzi. Malalamiko ya nguvu yana ukweli. Sumbawanga iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya asilimia 15. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na tundu la kwenye boksi halibadilishi mwinuko wa Ufipa. Badala ya hewa baridi inayotoka mbele ya gari, injini inaanza kuvuta ya moto iliyozunguka redieta, na filta inajaa vumbi upesi.

Inaniuma zaidi kuona hili likifanyika Ufipa, nchi ya watu waliolijua suala la hewa. Wafipa walijenga malungu, tanuri za udongo zinazokaribia mita tatu, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto kupitia mirija ya udongo iliyopangwa chini. Mivukuto ilitumika baadaye, kwenye tanuri dogo la kintengwe, kusafisha chuma. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameichunguza kwa kina kazi hiyo ya Wafipa. Wahunzi hao hawakutoboa tanuri ovyo wakitumaini moto utaongezeka.

Badiliko ninaloliona lina faida ni kuinua mdomo wa kuvutia hewa hadi mahali pa juu penye vumbi pungufu, au kuunganisha bomba pale injini iliyofungwa si ya gari lile. Manifoldi ya hewa iache. Nyingi za plastiki ni nailoni yenye nyuzi za kioo, zimeandikwa PA66-GF30, zinayeyuka karibu nyuzi 260, na nailoni hunyonya unyevu unaotoa mapovu ndani ya weldi. Kipande kikimeguka humo hakuna filta ya kukizuia. Kinakwenda moja kwa moja kwenye valvu. Mabomba ya turbo nayo yanabeba msukumo mkubwa, yasichomelewe.

VETA ina chuo mkoani Rukwa. Naomba karakana yake ya magari iipe plastiki muda wa kutosha, maana gari la leo lina plastiki nyingi kila kona. Na wewe mwenye gari, kabla hujakabidhi boksi lako, ligeuze usome herufi zilizochorwa, kisha mwulize fundi anajazia kwa plastiki gani. Akishindwa kujibu, lipeleke kwingine.